Mafuta ya Alizeti Ndani ya Tangi la Trekta

  

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mafuta ya alizeti, lakini si kwa habari ya kukaangia. Nataka tuzungumze juu ya kuyatia katika injini ya dizeli: trekta, pawatila, mashine ya kusaga, au ile pikapu ya kikundi inayopeleka magunia mnadani. Swali hili nimeulizwa mara nyingi, hasa dizeli inapopanda bei. Mkulima anaangalia madumu yaliyojaa nyumbani kwake, halafu anaangalia tangi tupu la mashine, anasema: "Bwana shamba, si yote ni mafuta?"

Sitaki kulijibu swali hilo kwa mkato, kwa sababu niliwahi kulijibu kwa mkato, likaleta hasara.

Ilikuwa katika semina ya kikundi kimoja cha wakulima. Jina lake sitalitaja, wala kijiji. Walikuwa wamenunua trekta jipya kwa mkopo, na muda wa dhamana ya trekta hilo ulikuwa bado haujaisha. Mzee mmoja akaniuliza kama injini ya dizeli inaweza kutembea kwa mafuta ya mbegu. Nikajibu kwa furaha, maana nilikuwa na la kusema. Niliwaeleza kwamba katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, mwaka 1900, injini ndogo ya aina hii iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na kwamba mvumbuzi mwenyewe, Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye ndiye aliyeipa dizeli jina lake, aliliona jambo hilo kuwa la maana kwa nchi zinazolima mbegu za mafuta. Watu wakapiga makofi. Nikafunga daftari langu, nikapanda pikipiki nikaenda zangu.

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Lakini sikuwaambia kwamba ile injini ya mwaka 1900 na trekta lao ni vitu viwili mbalimbali, na kwamba wao walikuwa na karatasi ya dhamana ya kupoteza.

Januari, kazi ya kulima ikiwa imepamba moto, barabara ikakatika kwa mvua na dizeli ikaadimika. Kijana dereva akakumbuka maneno ya bwana shamba. Akachanganya nusu kwa nusu: dumu moja la dizeli, dumu moja la alizeti iliyokamuliwa jana yake. Trekta likawaka. Likalima. Moshi wake ukawa unanukia maandazi, watoto wakalifuata nyuma. Siku ya kwanza, siku ya pili, wiki nzima, hakuna tatizo. Wiki ya tatu likaanza kukataa kuwaka asubuhi mpaka lisukumwe. Mchana likawa linatoa moshi mwingi na nguvu hakuna. Mwishowe likasimama katikati ya shamba la mama mmoja mjane, ambaye zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika.

Fundi wa aliyewauzia trekta alipokuja hakufungua injini kwanza. Alifungua kifuniko cha tangi, akachovya kijiti, akanusa. Kisha akajaza chupa mbili, akaandika katika fomu yake. Barua ya majibu ilikuwa fupi: madhara yametokana na mafuta yasiyoruhusiwa, kwa hiyo dhamana haihusiki. Pampu ya dizeli, nozeli zote, gharama ya kufungua injini na kuifunga, vyote juu ya kikundi. Wakauza ng'ombe. Na msimu wetu Singida, kama unavyojua, ni mmoja tu kwa mwaka. Mvua haikumsubiri yule mama.

Yule mzee aliyeniuliza nilikutana naye baadaye njiani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba, bwana shamba. Ile injini ya Paris, iliishi siku ngapi?" Sikuwa na jibu.

Basi leo nakuletea yale niliyopaswa kuyasema siku ile.

Tuanze na injini. Dizeli haiingii katika injini kama maji yanavyoingia mtungini. Pampu huisukuma kwa nguvu nyingi sana mpaka kwenye nozeli, na nozeli ina vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano. Hapo dizeli hutoka kama ukungu, na ukungu huo ndio unaowaka. Sasa, mafuta ya alizeti ni mazito. Kwa joto la kawaida uzito wake wa kutiririka ni karibu mara kumi ya ule wa dizeli. Yakifika kwenye nozeli hayatoki kama ukungu, yanatoka matone. Matone hayaungui yote. Yanayobaki yanageuka masizi magumu kwenye mdomo wa nozeli, yanazibana ringi za pistoni, na mengine yanatiririka chini na kuchanganyika na oili ya injini.

Hapo kwenye oili ndipo penye hatari kubwa, tena isiyoonekana. Umewahi kuona dumu la alizeti lililosahauliwa juani miezi kadhaa? Pembeni mwake hujenga utando wa njano unaonata, hata ukisugua kwa majivu hautoki. Mafuta ya alizeti yana tabia hiyo ya kuganda kama rangi ya mlango yanapokutana na hewa na joto, kuliko hata mafuta ya karanga au ya mawese. Fikiri basi jambo hilo likitokea ndani ya injini yenye moto. Oili inakuwa nzito kama uji wa ulezi, haipandi tena kulainisha vyuma, na vyuma vinakulana. Ndiyo maana trekta lile halikufa siku ya kwanza. Mafuta haya hayaui injini kwa ghafla kama maji. Yanaiua polepole, wakati mwenyewe unajisifu kwamba umegundua njia.

Tena yale yanayotoka kwenye mashine zetu za kukamulia huwa bado yana mashapo, unyevu na ute wa mbegu. Hayo kwa chujio la trekta ni kama kumpa mtoto mchanga kande.

"Lakini," utaniuliza, "mbona tunasikia huko nje magari yanatembea kwa mafuta ya mimea?" Kweli, yanatembea. Indonesia, kwa mfano, serikali iliagiza dizeli ichanganywe na mafuta yanayotokana na mawese: sehemu 20 katika kila mia mwaka 2018, ikawa 30 mwaka 2020, na mwaka 2025 wakafika 40. Katika nchi za Ulaya dizeli ya kawaida ya vituoni inaruhusiwa kuwa na hadi sehemu 7 katika mia. Ila kinachochanganywa si mafuta ya kupikia. Ni kitu kingine kiitwacho biodizeli, au dizeli ya mimea.

Biodizeli hutengenezwa hivi. Mafuta ya mbegu yaliyochujwa na kukaushwa hupashwa moto kidogo, yakachanganywa na spiriti iitwayo methanoli pamoja na kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Kwa lita 100 za mafuta huhitajika kiasi cha lita 20 za methanoli. Vikishachanganyika vizuri na kuachwa vitulie, gliserini ambayo ni nzito hushuka chini, na juu hubaki mafuta mepesi yanayokaribia wepesi wa dizeli. Hayo nayo huoshwa, hukaushwa, hupimwa maabara kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Kwa maelezo haya sikuambii uende ukajaribu jikoni. Methanoli ni sumu. Ukiinywa hata kidogo inapofusha macho na inaua, moshi wake una madhara, na inashika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Nimesikia vijana wakiulizana itapatikana wapi. Nawaomba waache.

Sasa tuje kwenye hizo namba. Ukisikia fundi au mwuza matrekta akitaja B5, B7 au B20, herufi B ni biodizeli na namba ni sehemu ngapi katika kila mia. Kwa dumu la lita 20, B5 ni lita moja ya biodizeli na lita 19 za dizeli. B20 ni lita 4 kwa lita 16. B100 ni biodizeli tupu. Angalia vizuri: ni biodizeli iliyotengenezwa na kupimwa. Ukitia lita moja ya alizeti ya kukamua katika lita 19 za dizeli, hujapata B5. Umepata dizeli iliyochafuliwa, na mbele ya mwenye dhamana ndivyo itakavyoitwa.

Hata biodizeli halisi ina masharti yake. Inayeyusha uchafu wa zamani ndani ya tangi na kuupeleka wote kwenye chujio, kwa hiyo machujio huziba mwanzoni. Mipira ya zamani ya kupitishia mafuta huvimba na kuvuja. Huvuta maji kuliko dizeli, na haikai. Baada ya miezi michache huanza kuharibika. Ile ya mawese huganda hata katika baridi ya kawaida. Nafikiri juu ya asubuhi zetu za Juni na Julai hapa Singida, upepo ule unaovuma mpaka mtu anavaa koti mbili, na dereva anahangaika kuwasha. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa injini huruhusu B5 au B7, wengine hufika B20 kwa injini fulani tu na kwa sharti la kubadilisha oili na machujio mapema zaidi. Wachache huruhusu kupita hapo. Kiasi gani kimeruhusiwa kwa injini yako wewe, kimeandikwa katika kitabu cha mashine, kwenye ukurasa wa mafuta. Kama kitabu ni cha lugha usiyoisoma, mpelekee mwalimu au bwana shamba akusomee ukurasa huo mmoja kabla ya kitu kingine chochote.

Na dhamana ni nini hasa? Wengi wetu tunaichukua kama bima: mashine ikifa, mwenye duka atalipa. Sivyo. Katika dhamana mtengenezaji anasema: "Nikiwa nimekosea mimi kiwandani, chuma kikiwa kibovu au kimefungwa vibaya, nitalipa mimi, ndani ya muda fulani au saa fulani za kazi." Hakuahidi kulipa lililofanywa na mafuta. Hata ukitumia mchanganyiko ulioruhusiwa kabisa, kama mafuta yenyewe yalikuwa mabaya, mtengenezaji atakwambia mwone aliyekuuzia mafuta. Na kama aliyekuuzia ni mashine yako mwenyewe ya kukamua alizeti, basi utajiona mwenyewe.

Lakini na wewe usikubali kuonewa. Ikiwa kilichoharibika ni gia, au ekseli imevunjika kwa ubovu wa chuma, mafuta yanahusikaje? Mwombe aliyekuuzia aandike kwa karatasi kwamba mafuta yalisababisha nini, na kwa njia gani. Wapo wanaopenda kutumia sababu ya mafuta kukwepa kila dai. Hapo ushahidi ndio mchezo wote. Mashine ikisimama ndani ya muda wa dhamana, usimruhusu fundi wa kijijini afungue pampu au akate lakiri, hata kama ni shemeji yako na ni hodari. Piga simu kwa aliyekuuzia kwanza. Akija fundi wake na kuchukua mafuta ya tangini, nawe chukua ya kwako wakati huo huo, katika chupa safi kavu, ifungwe vizuri, waweke sahihi watu wawili pamoja na tarehe. Weka risiti za dizeli zote na daftari la kubadilisha oili. Mkishindwa kuelewana, liko shirika la umma lijulikanalo kama Tume ya Ushindani, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, linalopokea malalamiko ya walaji. Kwa kutaka ushauri wa zana kabla ya kununua, kipo kituo cha CAMARTEC kule Arusha, ambacho kazi yake mojawapo ni kuzifanyia majaribio zana za kilimo.

Nimetaja risiti za dizeli, na hapa nisimame kidogo. Si kila injini iliyokufa imekufa kwa alizeti. Uchakachuaji umeua nyingi zaidi. Unakumbuka miaka ile mafuta ya taa yalipokuwa na bei ndogo kuliko dizeli; watu waliyachanganya mpaka mwaka 2010 EWURA ikaanzisha utaratibu wa kutia alama ya siri katika mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa tamaa hiyo. Lakini hata leo dizeli ya madumu ya kando ya barabara hujui imepita wapi, na mara nyingine lile dumu lilikuwa na maji au alizeti juzi tu. Dhamana haitofautishi mafuta uliyoyaharibu wewe na mafuta uliyoharibiwa na mwingine. Ukiwa na risiti ya kituo, una mtu wa kumdai. Ukinunua kwenye dumu, huna.

Je, wenye magari? Pikapu nyingi zetu ni mitumba kutoka Japani, na hizo kwa kawaida haziji na dhamana ya kiwanda. Huko hakuna wa kukukatalia dai, lakini pia hakuna wa kukulipia. Pampu za dizeli za magari ya siku hizi ni nyepesi kuumia na ghali kuliko za zamani. Mwenye gari la namna hiyo aogope mara mbili.

Ziko injini zinazovumilia. Zile nzito za zamani za mashine ya kusaga, zinazozunguka polepole kwa mlio wa tuku-tuku-tuku, zimeendeshwa kwa mafuta ya mbegu katika nchi kadhaa za Afrika. Wanaofanya hivyo kwa uangalifu huweka matangi mawili: huwasha kwa dizeli, injini ikishapata moto hugeuzia mafuta ya mbegu yaliyochujwa na kupashwa, na kabla ya kuzima hurudisha dizeli ili mabomba yasafike. Hata hapo oili hubadilishwa mapema na nozeli hufunguliwa kusafishwa mara kwa mara. Kama una injini kama hiyo, yako binafsi, haina deni wala dhamana, ni hiari yako. Trekta la mkopo la watu kumi na wanne si la kujaribia.

Wengine wataniuliza habari za mbono kaburi. Kati ya mwaka 2005 na 2010 tuliambiwa utakuwa dhahabu. Kampuni zilichukua maelfu ya hekta kule Kisarawe na Kilwa. Ya Kilwa, Bioshape, ilifilisika mwaka 2010, na ya Kisarawe, Sun Biofuels, ikasimamisha kazi mwaka 2011. Mafuta ya mbono yana tatizo lile lile la uzito, na mashudu yake ni sumu kwa mifugo. Acha ubaki kuwa uzio wa boma, kazi hiyo anaiweza.

Tumalizie na hesabu, maana ndiyo iliyonishangaza zaidi katika habari ya kikundi kile. Gunia la alizeti la kilo 65, kwa mashine ya kawaida, hutoa kiasi cha lita 15 hadi 18, kufuatana na mbegu na mashine. Chukua bei ya lita ya alizeti mnadani kwako wiki hii, weka kando yake bei ya lita ya dizeli kituoni. Kwa miaka ya karibuni alizeti ndiyo imekuwa juu. Maana yake ni kwamba aliyemimina dumu la alizeti katika tangi alimimina pesa ambazo zingenunua dumu zima la dizeli na chenji ikabaki. Mashudu ungeyatoa vile vile kwa ng'ombe na kuku. Tatizo la kikundi siku ile halikuwa bei, ilikuwa ni barabara. Na dawa ya barabara ni kununua pipa moja la dizeli Novemba, kabla mvua haijakolea, likawekwa kivulini, mbali na nyumba na jiko, limeinuliwa kwenye magogo na kufunikwa vizuri lisiingie maji.

Kikundi kile sasa kinafanya hivyo. Juu ya kifuniko cha tangi wamepaka rangi nyekundu: DIZELI TU, RISITI KWA KATIBU. Yule mama mjane amewekwa wa kwanza katika orodha ya kulimiwa msimu ujao. Na yule mzee, kila nikifika, bado ananiuliza habari za Paris.

Ukiwa na swali kuhusu dhamana ya mashine yako, mpelekee bwana shamba au bibi shamba wa kata yako, na uende na kitabu cha mashine mkononi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kukausha mbegu za alizeti kabla ya kuzipeleka kukamua. Kwaheri.